Meza Iliyomfungia Zakari

Kaka yangu Zakari ana kipaji ambacho mimi sikupewa hata kijiko kimoja: anajua kungoja. Mimi nikikaa dakika kumi kwenye foleni ya maji naanza kugombana na ndoo. Yeye anaweza kukaa mchana mzima mbele ya cherehani isiyo na umeme, mikono juu ya kitambaa, bila kunung'unika hata kidogo. Tuko Katuba, mtaa mmoja wa huku Katanga, na umeme wetu unakuja unapotaka.

Namwandika kwa sababu namshukuru, na kwa sababu yeye mwenyewe hataandika. Ukimwomba akusimulie maisha yake atakuambia kwamba anashona suruali.

Anashona suruali, ndiyo, na makoti, na visibau. Visibau ndivyo vilivyoanzisha yote. Miaka minane iliyopita nyumba moja ya michezo ya kamari huko mjini ilimpa kazi ya kuwashonea wagawa karata visibau vyeusi vyenye mgongo wa satini. Alienda kuwapima, akarudi kurekebisha, na mara ya tatu mmoja wao aitwaye Gauthier akamfundisha poka huku amesimama na pini zimemzunguka kiunoni. Zakari alirudi nyumbani akaniambia kwamba ule ni mchezo wa watu wanaojua kungoja. Nilimcheka, kama kawaida yangu.

Kwenye ile nyumba ya michezo hakurudi tena. Alijiandikisha kwenye tovuti moja ya poka, kwa simu. Umeme ukikatika pale atelie, ambapo wanashona mafundi sita chini ya bati moja, wenzake walikuwa wanalala juu ya meza za kukatia au wanabishana mpira. Zakari alitoa simu akakaa kwenye meza yake ya mtandaoni na watu asiowajua, wa nchi asizozijua, akicheza kwa senti. Mara tisa kati ya kumi alizirudisha karata zake bila kuzicheza. Umeme ukirudi aliondoka mezani hata kama alikuwa anashinda, akakanyaga cherehani. Sijawahi kumwona akikopa wala akikosa kuleta unga nyumbani kwa ajili ya mchezo ule. Ni mcheza kamari wa ajabu, nakubali.

Mama hakujua. Sisi asili yetu ni Kasongo, Maniema. Babu yetu Sudi alikuja Katanga na cherehani moja na msala mmoja, na nyumbani kwetu kamari haijadiliwi. Ni haramu, basi. Zakari alijua hivyo kuliko mimi. Aliswali adhuhuri, akala, umeme ukakatika, akacheza. Nilikuwa namuuliza malaika wake wa kushoto anatumia kalamu ya rangi gani, naye alitabasamu tu. Sikumwambia Mama, na kunyamaza kwangu nilikuita kumpenda kaka yangu.

Kisha macho ya Mama yakaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mama Habiba, aliyekuwa anadarizi kofia za kuswalia kwa sindano nyembamba kama unywele, sasa alikuwa anatutambua kwa nyayo. Hospitalini walituambia kwamba madaktari wa macho watakuja kwa wiki moja mwezi wa tisa, bei itapungua, na kwamba jicho la kulia lisipopasuliwa safari hii huenda lisitengenezeke tena. Zakari aliniita pembeni. Alikuwa na dola mia sita na kitu kwenye ile tovuti, alizokusanya senti kwa senti kwa miaka minane. Hizo, alisema, ndizo zitakazolipa jicho la Mama.

Jumatatu moja umeme ukakatika, Zakari akafungua simu, na meza ikamkataa. Aliona wachezaji wenzake wamekaa, aliona kiti chake kitupu, lakini kila alipokibonyeza yalitokea maandishi ya Kifaransa: kutokana na sheria za michezo ya kubahatisha, wachezaji wa nchi yako hawapokelewi tena. Alikuwa na siku thelathini kutoa pesa zake, kwa kutuma kitambulisho na uthibitisho wa mahali anapoishi. Baada ya hapo akaunti ingefungwa.

Hénoc, fundi mdogo kuliko wote pale atelie, alikuwa na dawa yake.

"Yaya, uende Kasumbalesa. Kule téléphone inakamata réseau ya Zambie. Batafikiri uko kule, utacheza tu."

"Na siku batauliza carte yangu?" Zakari alijibu. "Batakamata yote. Haina kucheza minataka, Hénoc. Ni kutoka."

Mimi nafanya kazi kwenye duka la fotokopi mjini, jirani na mabenki, kwa hiyo makaratasi yalikuwa yangu. Nilitengeneza picha ya kadi yake ya mpiga kura. Kwa uthibitisho wa makazi tulituma bili ya umeme, na hapo ndipo tulipofanya upumbavu ambao mtu wa Katuba peke yake anaweza kuufanya bila kuona kwamba ni upumbavu. Bili yetu ina jina la babu Sudi. Babu alikufa mwaka 1998. Lakini nani kwetu anabadilisha jina kwenye bili? Ukibadilisha jina, kesho yake baba wadogo wote wanakuja kuuliza ni nani aliyekupa parcelle, yaani kiwanja na nyumba yake, na ugomvi wa urithi unaanza upya. Kwa hiyo tunawaacha marehemu waendelee kulipa umeme, mtaa mzima, na hakuna anayeshangaa.

Tovuti ilijibu kwa heshima sana. Ilimshukuru Bwana Sudi, ikamwomba atume picha yake akiwa ameshika kitambulisho karibu na uso.

Nilicheka hadi mteja aliyekuwa ananyoosha karatasi zake kwenye kaunta akaniuliza kama niko sawa. Zakari hakucheka. Zilikuwa zimebaki siku kumi na tisa.

Ikabaki njia moja: cheti cha makazi kutoka kwa chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu. Chef Mulenga ni mtu wa taratibu, anayekula karanga moja moja huku anasoma kila mstari wa daftari lake. Alisoma, akatafuna, akasema cheti atakitoa, lakini mwenye parcelle lazima aje mwenyewe aseme mbele yake kwamba Zakari anaishi pale. Mwenye parcelle, tangu babu na baba wafariki, ni Mama.

Tulimpeleka kesho yake asubuhi, mimi nimemshika mkono. Njiani nilimnong'oneza Zakari kwamba akiulizwa aseme cheti ni cha benki. Hakunijibu, nami nikachukulia kwamba amekubali.

"Mama," alianza Chef Mulenga, kalamu mkononi, "huyu muntu iko anakaa kwako?"

Mama alikuwa amekaa wima kwenye kiti. "Mbele nijibu, minauliza. Hii karatasi ni ya nini?"

"Ni mambo ya administration tu, Mama," alisema chef, ambaye kusema kweli alitaka kutusaidia.

Nilimkanyaga Zakari mguu. Aliuondoa.

"Ni ya karata, Mama," alisema. "Minachezaka karata na makuta, ku téléphone. Sasa banatufunga. Banataka kujua minakaa wapi, njo banirudishie makuta yangu."

"Tangu lini?"

"Myaka munane."

Chef Mulenga aliacha kutafuna. Mimi nilitaka sakafu inimeze pamoja na karanga za chef. Vidole vya Mama vilipapasa pindo la kitenge chake kana kwamba anatafuta mshono uliofumuka.

"Chef ameuliza kama unakaa kwangu," alisema mwishowe. "Unakaa kwangu. Chef, andika. Mi sisemake bongo juu ya mutoto yangu, hata kama ye aliniambia bongo." Bongo, kwetu, ni uongo.

Alitaka kutia sahihi mwenyewe. Zakari alimshika mkono, akauweka juu ya mstari, naye akaandika jina lake lote, polepole, likapanda juu kidogo mwishoni. Chef alipiga muhuri. Hakutulipisha hata faranga ya wino, na mpaka leo nikipita ofisini kwake namsalimia kwa mikono miwili.

Njiani kurudi Mama aliuliza zile pesa zilikuwa za nini.

"Ni za jicho yako, Mama," alisema Zakari.

"Ile makuta haitaingia mu jicho yangu."

Alisema hivyo tu, bila kupandisha sauti, akaendelea kutembea. Mimi ndiye niliyepandisha. Nilimwambia mama yangu, mchana, barabarani, watu wakipita na mikokoteni yao: "Basi, ubakie na giza yako." Mkono wake ulikuwa ndani ya mkono wangu niliposema. Hakuutoa. Kama angeutoa labda neno lile lingeniuma kidogo zaidi siku ile na kidogo pungufu leo.

Cheti kilikubaliwa. Baada ya siku nane pesa ziliingia kwenye simu ya Zakari, zote, na akaunti ikafungwa. Madaktari walikuwa wameshafika. Zamu ya Mama ilikuwa Jumatatu ifuatayo, na hospitali ilitaka malipo kabla. Nilitoka kazini mapema nikaenda moja kwa moja atelie. Nilikuwa na mpango, na niliuona mzuri sana.

"Yaya, tumupatie mama mudogo Najma ile makuta," nilimwambia. Najma ni mdogo wake Mama, anaishi Naviundu. "Ye aseme ni zawadi yake. Mama hawezi kukatala kintu ya mudogo wake. Anapasuliwa, anaona, inaisha."

Zakari alikuwa anachora mstari wa chaki kwenye kitambaa cha suruali. Alimaliza mstari kwanza.

"Rachida, docteur akitosha ile pansement ku jicho, kintu ya kwanza Mama ataona ni uso yangu," alisema. "Unataka aanze na kuona muntu ya bongo?"

Nilimwambia kwamba bila pesa hataona uso wa mtu yeyote, wa bongo wala wa kweli. Nilimwambia mengine ambayo sitayaandika. Alinisikiliza yote, kisha akasimama, akapangusa chaki mikononi, akawageukia wale mafundi watano.

Pale atelie wana likelemba: kila mwezi kila fundi anatoa kiasi kilekile, mmoja anachukua yote, na zamu inazunguka. Jumamosi hiyo, yaani siku mbili baadaye, ilikuwa zamu ya Kalenga. Zamu ya Zakari ilikuwa mbali, miezi mitano mbele. Na Kalenga, nisimsingizie, ni mtu mgumu. Ni shemasi kanisani kwao, na hata chaki yake haazimishi. Kwa miaka miwili alikuwa anaingojea zamu hiyo ili anunue surjeteuse, cherehani ya kumalizia kingo za kitambaa, maana kila wiki alikuwa anabeba suruali zake hadi kwa mtu mwingine kumaliziwa. Tena yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumsema Zakari kwa ile simu.

Zakari aliwaambia yote. Karata, ofisi ya chef, jicho, maneno ya Mama. Hakupamba na hakujitetea. Halafu akamwomba Kalenga wabadilishane zamu.

Kalenga alikata uzi kwa meno. Aliuangalia mshono wake, akaugeuza, akauangalia upande wa pili. Mimi nilikuwa nimeshaanza kumchukia.

"Machine nimeingojea myaka mbili," alisema. "Nitaingojea tena myezi tano. Siku itafika, Mama Habiba atakuja kuiona na macho yake." Kisha akamnyooshea Zakari mkasi. "Lakini weye, Maître. Courant ikikatika, sasa utakuwa unafanya nini?"

"Nitashona boutons na mukono."

"Utaanza na zangu."

Wakacheka wote, na mimi nikalia, nasema wazi, nililia mbele ya mafundi sita na suruali zisizo na vifungo. Nilikuwa nimekuja pale na uongo mfukoni, na mtu niliyemwita bahili kwa miaka alikuwa amempa mama yangu jicho bila hata kuinuka kwenye kiti.

Mama hakukubali kirahisi. Alitaka Kalenga aje nyumbani, akamkalisha mbele yake, akamuuliza pesa zile zimetoka wapi.

"Ku sindano, Mama," alisema Kalenga. "Yote, mpaka ya mwisho."

"Aksanti, mutoto yangu," alisema Mama. Akamwomba arudie jina la baba yake na la mama yake, ili awaombee.

Pesa za karata zilibaki kwenye simu. Kalenga alimtania Zakari kwamba yeye ni Mprotestanti, kama zinamsumbua amletee. Zakari alicheka lakini hakumpa, kwa sababu, aliniambia baadaye, zingekuwa zimelipa jicho lilelile kwa kupitia dirishani. Alimuuliza Mama azifanyie nini. Mama alisema azipeleke kwenye kitu cha watu wote, na asingojee kushukuriwa. Karibu na kwa mama mdogo Najma, huko Naviundu, watu walikuwa wanavuka kijito juu ya miti miwili inayoteleza. Zakari alinunua mbao na misumari na kumlipa seremala, Faustin, na kufika Jumapili jioni pale palikuwa na daraja lenye mahali pa kushika. Nilienda kuliona. Nililihesabu ubao kwa ubao kwa uchungu, kwa kuwa mimi ni mimi, halafu mwanamke mmoja mwenye mzigo wa mkaa kichwani akapita bila kutusalimia, na Zakari akaniangalia na kutabasamu.

Mara nyingi nafikiria ile tovuti. Nilivyoitukana, kama ina masikio inapaswa kuwa bado inaumwa. Lakini isingemfungia Zakari, angetoa pesa kimyakimya, Mama angepasuliwa, na sisi watatu tungeendelea kuishi ndani ya nyumba moja huku mmoja hajui na wawili wanaficha. Naishukuru. Sijui sheria iliyoiogopesha ni ipi wala nani aliiandika, ila namshukuru naye.

Jumatatu walimpasua jicho la kulia. Jumanne asubuhi tulikuwa wote wawili pembeni ya kitanda, Zakari mbele, mimi nyuma yake karibu na ukuta. Muuguzi alibandua plasta taratibu, akafuta kope kwa pamba yenye maji, akamwambia Mama afungue bila haraka.

Mama alipepesa. Jicho lilitoa machozi kidogo. Halafu likatulia juu ya uso wa Zakari, na nikajua kwamba linaona, kwa jinsi lilivyokwenda kutoka paji la uso hadi kidevuni na kurudi. Alimtazama muda mrefu sana, mwanawe wa miaka arobaini na moja aliyemficha jambo miaka minane, na Zakari alisimama akatazamwa. Hakuinamisha kichwa wala hakupepesa. Ni yeye na kungoja kwake.

"Umeota mvi," alisema Mama.

"Ndiyo, Mama."

"Minaona mvi, na minakuona weye. Aksanti."

Kisha akageuza kichwa kunitafuta, na mimi nikatazama viatu vyangu. Nilisikia lile neno la barabarani kama limesemwa dakika hiyo. Nikaanza kuongea, haraka, nikiwa bado nimeinama: kwamba nilijua habari za karata tangu mwanzo, kwamba nilitaka kuzipitisha pesa kwa mama mdogo Najma kwa uongo, kwamba kama si Zakari ningemdanganya na kulala usingizi mzuri, na kwamba neno la giza nililisema mimi na sijui nililitoa wapi. Muuguzi alijifanya anapanga pamba. Mama aliniacha nimalize, maana anajua kwamba mimi nikikatizwa naanza upya.

Kwa pembe ya jicho nikauona mkono wake unapapasa hewani kwa mazoea, kisha unasimama, kwa kuwa haukuhitaji tena kupapasa, na kuja moja kwa moja chini ya kidevu changu.

"Inua uso, Rachida," alisema. "Myaka tatu sijakuona. Weye pia minataka kukuona."

Nikauinua.